Aliyeitwa Ukunguni

"Shemeji, hawa wageni wako wana magoti?"

Hanus aliuliza hivyo akiwa ameketi juu ya ukuta wa mawe unaotenga mashamba ya kijiji na malisho ya mlimani. Mikono yake ilikuwa imekumbatia kifuniko cha chupa ya kahawa. Walikuwa na kifuniko kimoja tu, wakipokezana.

"Wana magoti ya watu waliokaa ofisini maisha yao yote," Sunnvá alijibu. "Ndiyo maana nataka leo tupime mwendo wao. Tembea kama mzee aliyevaa buti jipya linalombana."

"Basi nitembee kama mama yangu."

"Mama yako anakushinda wewe kutembea."

Hanus akacheka kidogo, akampa kifuniko. Kilikuwa bado na joto la viganja vyake. Sunnvá alikunywa haraka ili asilisikie joto lile kwa muda mrefu.

Alikuwa amechoka. Mlima wenyewe alikuwa ameuzoea, wala haukuwa umemfanya lolote. Uchovu wake ulikuwa wa mtu aliyebeba mzigo muda mrefu mpaka amesahau namna ya kuutua. Kiangazi kilichopita shule ya Skarvoy ilifungwa, baada ya watoto wawili wa mwisho kuhamia Tórshavn, mji mkuu, na wazazi wao, na yeye akabaki mwalimu asiye na mwanafunzi. Majira yote ya baridi, boti ikishindwa kuja kwa wiki nzima na upepo ukitikisa mabati, alikaa mezani akipanga kitu kimoja: safari ya kutembeza wageni kisiwani, kuwaonyesha ndege na maporomoko na nyumba za kale za upande wa kaskazini. Wageni wa kwanza wangefika mwezi wa sita, kondoo wakishazaa. Kilichobaki kilikuwa idhini ya wenye malisho, ambao wangekutana jioni ile ile katika chumba chake cha zamani cha darasa.

Wakikubali, angebaki. Wakikataa, dada yake alikuwa amemtafutia kazi katika nyumba ya kutunzia wazee mjini, na angeondoka na boti ya Jumamosi.

"Hujalala," Hanus alisema.

"Nimelala."

"Taa yako ilikuwa inawaka."

"Na wewe ulikuwa macho unafanya nini hata ukaiona taa yangu?"

Hanus aliangalia bahari. "Kuna jike la kondoo lilikuwa linakaribia kuzaa."

"Jike gani? Majike yako mengi yamezaa."

"Basi nilikuwa naangalia taa, shemeji."

Shemeji. Tangu siku Sunnvá alipoolewa na Jákup, kaka yake mkubwa, Hanus hakuwahi kumwita jina lingine. Jákup alifariki miaka minne iliyopita, na neno lile likabaki. Alilitumia dukani, akalitumia kanisani, akalitumia hata walipokuwa wawili tu, kama mtu anayefunga mlango kila anapopita ili upepo usiingie. Mwezi wa pili, alipokuja kumfungia mabati yaliyong'oka, mkono wake ulitulia juu ya wa Sunnvá kwenye ngazi. Wakatazamana, na hakuna aliyeutoa mkono wake. Kisha Hanus akasema, "Nipe misumari, shemeji," na mlango ukafungwa tena. Wao wenyewe hawakuwahi kusema lolote. Kijiji kilikuwa kimesema kwa niaba yao.

Sunnvá alikung'uta kifuniko, akakifunga kwenye chupa. "Twende. Huko juu kuna kitu nataka kukwambia."

"Na mimi pia," Hanus alisema.

Njia ya Skarvoy haijachorwa ardhini. Nyasi huifunika kila mwaka. Inaonyeshwa na minara ya mawe inayofika kiunoni, iliyopangwa na watu ambao majina yao hakuna anayeyakumbuka, na kutoka kila mnara mtu huuona unaofuata. Walipanda polepole, Sunnvá akisimama kila mahali ambapo mgeni angehitaji kupumua, Hanus akichechemea kwa makusudi na kushika kiuno kama mzee. Walipofika pale mlima unapoanza kujikunja kuelekea magharibi, Sunnvá alisimama.

Mnara uliofuata haukuwepo.

Alitazama mbele, kule ambako njia hunyooka ikapita kando ya Ukingo wa Lundi, mahali lundi, ndege wale wanene wenye midomo ya rangi, hutoboa mashimo yao kwa maelfu. Palikuwa na nyasi tupu. Kisha akainua macho. Juu, kwenye bega la mlima, minara miwili mipya ilikuwa imesimama, na mawe yake bado yalikuwa na ukoga upande usiostahili.

"Hanus. Minara iko wapi?"

"Hicho ndicho nilichotaka kukwambia."

"Umevunja minara?"

"Nimeihamisha. Mitatu. Wa tatu bado sijaumaliza, uko nyuma ya bega."

Kisiwani pale mtu angeweza kusamehewa kulewa kanisani kabla hajasamehewa kugusa jiwe la mnara. Watoto hufundishwa hilo kabla ya kufundishwa kusoma; Sunnvá mwenyewe alikuwa amewafundisha. Alipanda mpaka kwenye mnara mpya wa pili, akaweka kiganja juu yake, kana kwamba angeona vizuri zaidi kwa kugusa.

"Umewaambia nani?"

"Nilitaka kuwaambia jioni, mkutanoni. Nimesafisha njia ya juu juzi na jana. Ina mteremko, lakini ni salama. Wageni wako watapita huku."

"Wageni wangu hawawezi mteremko huu. Ndiyo maana nilichagua kule chini. Kule ni tambarare. Na nilikwambia ninaweza kupita pale, nilikwambia zaidi ya mara moja."

"Unaweza," Hanus alisema kwa upole. "Najua unaweza. Lakini kila unapopita pale unaacha kupumua. Toka ukiwa kwenye jiwe jeusi mpaka ukishavuka kijito. Nimekuona. Na ulikuwa umepanga kupita pale mara mbili kila wiki, majira yote ya joto, huku unawatajia watu majina ya ndege."

Sunnvá aligeuza uso. Pale Ukingoni ndipo Jákup alipomfuata kondoo aliyenasa, jiwe likaachia, na kamba ikarudi nyepesi mikononi mwa Hanus. Hakuna aliyehitaji kulitaja.

"Sasa na mimi nikwambie la kwangu," alisema. "Mama yako alikuja kwangu jana."

"Kwako? Ndani?"

"Alisimama mlangoni. Hajaingia kwangu tangu mazishi, unajua hivyo. Akasema, 'Mwalimu, kesho nitainua mkono njia yako ipite. Lakini mwanangu sikupi, watu wataongea. Tafuta mtembeza wageni kwingine.' Nikamwambia sawa."

Hanus alimtazama kama mtu aliyeongezewa mzigo akiwa katikati ya ngazi. "Ukamwambia sawa."

"Sehemu yake ya malisho ni kubwa kuliko ya wote. Asipoinua mkono, hakuna njia. Kuna kijana wa kisiwa cha jirani anayetafuta kazi ya kutembeza wageni. Nitamchukua yeye."

"Kwa hiyo utabaki Skarvoy, ila mimi nisikukaribie."

"Nitabaki. Ndilo nililoliweza, Hanus. Jana ilipofika jioni nilikuwa sina tena nguvu ya kushindana na mtu."

"Huyo kijana anajua ukungu wa hapa? Anajua ni wapi kondoo wanapozalia, asiwapitishe watu katikati yao?"

"Utamfundisha."

"Mimi nimfundishe mtu kutembea na wewe." Hakupaza sauti. Hanus hakuwa mtu wa kupaza sauti. Alipokasirika ndipo alipozidi kuwa mtulivu. "Ngoja nikamalize mnara wangu, shemeji. Jiwe halina maneno mengi."

Akapanda, akavuka bega la mlima, akapotea. Sunnvá alibaki akitazama pale alipopotelea. Kisha akaanza kushuka peke yake.

Ukungu ulimkuta njiani. Ulipanda kutoka baharini kimya kimya kama kawaida yake. Kwanza zikapotea nyasi za mbele, halafu zikapotea buti zake mwenyewe. Alinyoosha mkono mpaka akagusa mnara wa mwisho wa zamani, akaegemea na kutulia. Ukungu ukishuka, unakaa kwenye mnara, wala huondoki mpaka uuone unaofuata. Na watu wakitafutana, anaitwa mmoja kwa jina lake, na anayejibu ni yule aliyeitwa tu. Wengine hunyamaza, maana sauti nyingi ukunguni humvuta mtu huku na huku mpaka akakanyaga pasipo na ardhi.

Hapo ndipo aliposikia mtu akikohoa.

Kikohozi kilitoka upande wa magharibi, upande wa Ukingo, wala hakikuwa mbali. Kisha sauti ikaita, sauti ya mwanamke, iliyopauka lakini isiyotetemeka.

"Hanus."

Sunnvá aliijua. Ilikuwa ya Billa, mama mkwe wake.

"Hanus. Mnara uko wapi?"

Sunnvá alielewa yote kwa mara moja. Billa alikuwa amepanda nyuma yao, amepita mnara huu dakika chache kabla yake, kisha akanyoosha mbele kwa mazoea ya maisha yake yote, akitegemea kuukuta mnara unaofuata. Mnara haukuwepo. Na mbele ya pale alipo, hatua si nyingi, nyasi zinaisha.

Alingoja Hanus ajibu. Hanus alikuwa nyuma ya mlima, akigonga mawe yake.

"Hanus," Billa aliita tena, na safari hii mwisho wa jina ulivunjika kidogo.

"Mama," Sunnvá akaitikia. "Ni mimi."

Kikohozi kilisikika tena.

"Sikukuita wewe," sauti ilisema.

"Najua. Lakini ndiye niliyepo."

Bahari ilisikika chini kabisa, na ndege.

"Umesimama wapi?" Billa aliuliza.

"Nimeshika mnara wa mwisho. Ile iliyofuata imeondolewa. Usisogee mbele hata kidogo. Geuka taratibu mpaka upepo uwe mgongoni. Unausikia mgongoni?"

"Mimi nilikuwa napanda mlima huu wewe ukiwa hujazaliwa."

"Unausikia?"

"Nausikia."

"Basi njoo kwenye sauti yangu. Piga hatua ukiwa umepapasa kwanza na fimbo. Siwezi kukufuata, nikiuacha mnara tutapotea wote."

"Hilo najua. Sasa zungumza. Sauti ikikatika nitajuaje pa kwenda?"

"Nizungumze nini?"

"Ninajuaje mimi? Wewe si mwalimu? Nieleze huo mpango wako. Kijiji kizima kinauzungumza, mimi mwenyewe hakuna aliyenieleza."

Sunnvá alifumba macho. Alikuwa amejiandaa kuyasema maneno yale jioni, amesimama mbele ya watu, amevaa sweta safi. Sasa aliyasema akiwa ameegemea mawe, uso umelowa, akimwambia ukungu.

"Boti itawaleta asubuhi. Hawatazidi kumi na wawili."

"Wengi," ukungu ukajibu.

"Kumi, basi. Nitawapokea gatini, niwakague viatu. Mwenye raba anabaki kijijini."

"Na mwenye mbwa?"

"Hakuna mbwa. Hata mmoja."

"Endelea." Fimbo iligonga jiwe. "Wanaanza lini? Maana majike yangu hayatakimbizwa huku yana watoto wa siku mbili. Jike likitolewa kwenye sehemu yake ya malisho halirudi lilivyokuwa."

"Katikati ya mwezi wa sita. Kabla ya hapo hapandi mtu. Tutapita kwenye lango la ukuta, mmoja mmoja, na lango linafungwa na mtu wa mwisho. Kisha tunapanda polepole. Pale kwenye jiwe jeusi tunapumzika, nawaonyesha..."

"Umekatika. Zungumza."

"Nawaonyesha kisiwa kilivyokaa. Naona wengi watakuwa wamechoka hapo, lakini hawatasema."

"Watu hawasemi," Billa alisema. Alikuwa amekaribia, pumzi yake ilianza kusikika. "Halafu?"

"Halafu nyumba za kale za kaskazini. Wanakunywa kahawa wamekaa nyuma ya kuta, upepo usiwafikie. Nawaeleza watu walivyoishi pale. Halafu tunarudi kijijini kula."

"Kula nini?"

"Nyama ya kondoo iliyokauka. Viazi. Keki."

"Watu wa nje hawaiwezi harufu ya nyama ile. Yule mchungaji wa kanisa aliyekuja kutoka Denmark alikimbilia nje, ameshika mdomo kwa leso."

"Tutawakatia vipande vyembamba."

"Vyembamba kama karatasi, la sivyo watakufia mezani. Jikoni kwa nani?"

Sunnvá alisita. "Bado sijapata jiko."

"Zungumza, mwalimu. Mguu wangu mmoja uko kwenye shimo la ndege."

"Nilifikiria jiko lako," Sunnvá alisema haraka. "Tangu mwanzo nilifikiria jiko lako, kwa sababu ya ile meza ndefu. Lakini sikuthubutu kukuuliza. Nikafikiria kwa Malan, jirani yangu."

"Kwa Malan? Kwa Malan hawaenei hata paka wake wakikaa wote."

Na hapo mkono ukatokea ukunguni, mkono wenye glavu ya sufu iliyolowa, ukipapasa hewa. Sunnvá aliukamata kwa mikono yake miwili, akamvuta Billa mpaka kifua cha mama yule kikagonga mawe ya mnara. Wote wawili wakabaki wameshikana hivyo, kila mmoja akitetemeka na kujifanya haoni mwenzake akitetemeka.

Walikaa chini, upande usio na upepo. Sunnvá alimimina kahawa iliyobaki. Billa alikunywa nusu, akamrudishia nusu.

"Ulikuja kufuata nini huku juu?" Sunnvá aliuliza.

"Kumwona kondoo."

"Kondoo yupi?"

"Kondoo ni kondoo." Billa alifuta pua kwa nyuma ya glavu. "Niliwaona dirishani mnapanda. Nilikuwa nimekwishapata neno lako, lakini nikawaona mnapanda. Nikasema nikajionee mwenyewe."

"Nilikuwa nimempandisha nimwambie."

"Umemwambia?"

"Nimemwambia. Ameenda kujenga mnara wake."

Billa aligeuka taratibu, akamtazama vizuri. Alikuwa na macho ya Jákup, kijivu, yaliyokaa ndani. Kwa miaka minne Sunnvá alikuwa akiyakwepa macho yale kanisani.

"Kwa hiyo ni Hanus aliyeigusa minara."

"Atairudisha, mama. Hakuwa na nia mbaya. Alitaka wageni wapite juu."

"Wageni," Billa alisema. "Wageni hawajafika, hata majina yao hayajui. Amefanya hivyo ili usipite pale."

Sunnvá alipangusa uso wake uliolowa.

"Marehemu mume wangu asingehamisha hata kokoto kwa ajili yangu. Na alinipenda yule." Billa alitikisa kichwa. Hakuonekana kuwa na hasira. Alionekana kama mtu aliyefikishwa mahali asipopatarajia, naye amechoka mno kurudi nyuma. "Nilidhani ni upweke tu. Nilidhani atapata msichana mjini, litapita. Kumbe limefika kwenye mawe."

"Ulisema watu wataongea."

"Wataongea. Waliongea nilipoolewa, wakaongea niliponunua friji la pili. Wataongea hata kama wewe ukienda Tórshavn ukae na wazee. Hilo si neno."

"Basi neno ni lipi?"

Billa alivua glavu moja, akaikamua, maji yakatiririka kwenye nyasi.

"Jákup akiwa mlimani, nilikuwa nasimama dirishani mpaka arudi. Siku ile niliondoka dirishani nikageuze mkate. Sasa wewe unataka nimsimamie huyu mara mbili kila wiki, majira yote ya joto, akipita palepale na watu wasiojua kutembea. Mtu wa kwanza atakayeteleza, Hanus ataruka kumshika. Unamjua. Ataruka bila kufikiri." Akavaa tena glavu, ikiwa bado na maji. "Mwanangu sikupi, nilisema. Nililokuwa nalinyima mwanangu ni lile genge. Wewe ulikuwa umesimama mbele yake tu."

"Kwa nini hukusema hivyo mlangoni?"

"Ungesema wewe?"

Sunnvá alitazama kifuniko tupu mikononi mwake. Aliona kwamba akinyamaza sasa, atanyamaza mpaka uzeeni, na hakuwa tena na nguvu za kunyamaza.

"Mimi mwenyewe siwezi kupita pale, mama," alisema. "Nikifika kwenye jiwe jeusi pumzi inaniacha."

"Na mbona njia yako inapita palepale?"

"Kwa sababu ni tambarare. Na kwa sababu wewe unapita. Kila mwezi unakwenda kuwaangalia kondoo wako kule, unapita kama vile ni sebuleni. Nikaona aibu. Nikasema, kama mama yake anaweza, mimi mke wake nitasemaje siwezi?"

Billa alicheka, kicheko kifupi kisicho na furaha. "Mimi napita nimefumba macho. Toka jiwe jeusi mpaka kijito. Nahesabu."

Sunnvá alilia kidogo, bila sauti. Billa hakumbembeleza, alisogea tu mpaka mabega yao yakagusana, akaliacha bega lake pale.

"Ile minara ya zamani itarudishwa," Billa alisema hatimaye, kwa sauti yake ya kila siku. "Ataijenga yeye mwenyewe kabla ya Jumapili, na kanisani ataomba radhi kwa mdomo wake. Watu wa hapa wanaihitaji. Leo nusura nikuthibitishie."

"Ndiyo, mama."

"Na ile ya juu ibaki. Aipunguze, iwe mifupi, watu wasiichanganye na ya kwetu. Hiyo ndiyo ya wageni."

"Mteremko watauweza?"

"Wanapumzika mara nyingi zaidi. Au wanabaki kijijini wanakula keki. Hatuwezi kuwabeba."

"Na lundi? Wengi wanakuja kwa ajili ya lundi."

"Watawaona kwa darubini kutoka begani. Anayetaka kuwaona kwa karibu anunue kadi ya posta." Billa aliegemeza kichwa kwenye mawe. "Jioni nitayasema hayo mkutanoni. Wewe ukiyasema watabishana mpaka kesho. Na hao watu kumi, waje kwangu kula. Viatu wavulie nje."

Sunnvá alifungua mdomo kusema asante, akaona neno lile ni dogo, akaufunga. Kuhusu Hanus hakuuliza. Kuna mambo ambayo mtu akiyauliza mapema humlazimisha mwenzake kukataa. Alikaa tu, bega likipata joto polepole kwa bega.

Mawe yalikuwa yameacha kugongana huko juu. Ukungu ulikuwa mzito bado, lakini ulikuwa umeanza kuwa mweupe, kama maziwa yanayoongezwa maji. Kisha, kutoka mbali, sauti ya mwanamume ikasikika ikishuka. Haikuwa na utulivu wake wa siku zote. Alikuwa amefika kwenye mnara wa pili, pale alipomwacha, na hakumkuta.

"Sunnvá."

Miaka yote ile Sunnvá hakuwahi kulisikia jina lake likitoka katika kinywa kile. Lilisikika kama jina jipya, kana kwamba ndiyo kwanza amepewa.

Aligeuka kumtazama Billa. Hanus hakujua kuwa mama yake yuko mlimani; alidhani anaita ukungu mtupu na mwanamke mmoja.

"Sunnvá," Hanus aliita tena, karibu zaidi, na sauti ilikuwa imejaa hofu. "Sunnvá, niko hapa. Uko wapi?"

Billa alikuwa amefumba macho. Uso wake ulikuwa wa mtu aliyetembea njia ndefu kuliko alivyokusudia.

"Mjibu," alisema.

"Jibu wewe, mama. Anaogopa. Akikusikia wewe atatulia."

"Mimi sijaitwa," Billa alisema, akavuta kofia ya koti mpaka kwenye nyusi na kukunja mikono kifuani. "Mjibu. Ameita jina lako."

Sunnvá alisimama, mkono mmoja juu ya mnara. Alivuta pumzi, ikaingia yote.

"Niko hapa," akasema. "Njoo kwenye sauti yangu."